DON BOSCO, BABA WA VIJANA WASIO NA KWAO

Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alipotutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kuaga dunia, wenzangu wengi walikimbilia majemadari na marais. Mimi nimemchagua padri mmoja wa Italia ambaye hakuwahi kuongoza jeshi wala kukalia kiti cha enzi. Jina lake ni Giovanni Bosco, lakini ulimwengu humjua kwa jina la Don Bosco. Hilo neno Don si jina, bali ndivyo Waitalia wanavyomwita padri kwa heshima, kama vile sisi tunavyosema Fadha.

Sababu ya kumchagua nitaitoa peupe. Mwaka jana, tulipokuwa Kidato cha Pili, dawati moja darasani mwetu lilibaki tupu. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake. Kodi ya chumba ikalimbikizana, vyombo vikatolewa nje na mlango ukatiwa kufuli. Akawa analala nyuma ya vibanda vya sokoni, na asubuhi anakuja shuleni na sare ileile, amenawa uso kwenye mfereji. Tulipogundua tulichanga pesa, zikamlisha wiki moja. Baadaye shule zikafungwa, na zilipofunguliwa hakurudi. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba tulifanya tuliloweza. Kisha nikasoma maisha ya huyu padri katika kitabu kimoja kilichochakaa cha maktaba yetu, na maneno hayo yakaanza kunikwama kooni.

Basi fuataneni nami tangu mwanzo.

UTOTO WA TAABU

Giovanni alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo, katika jimbo la Piemonte, kaskazini mwa Italia. Wakati huo hapakuwa na nchi moja iitwayo Italia. Iliungana mwaka wa 1861. Piemonte ilikuwa chini ya wafalme wa Sardinia, na mji wao mkuu ulikuwa Torino. Baba yake, Francesco, alikuwa mkulima. Mwaka wa 1817 alishikwa na homa ya mapafu akafa, naye Giovanni hajatimiza hata miaka miwili. Mama yake, Margherita, akabaki mjane mwenye watoto watatu: Antonio, ambaye alikuwa mwana wa mke wa kwanza, kisha Giuseppe, na huyu kitinda mimba Giovanni. Nyumbani alikuwemo pia mama mkwe mzee. Kana kwamba hayo hayatoshi, mwaka huo ulikuwa wa njaa.

Giovanni alipenda masomo ajabu. Lakini Antonio, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa na mshika jembe, hakuona maana ya vitabu. Kila alipomwona mdogo wake akisoma, ugomvi ulizuka. Ilifika mahali ambapo mama aliona heri mtoto aondoke kuliko ndugu kuumizana. Februari ya mwaka wa 1828, wakati wa baridi kali, Giovanni alifungiwa kifurushi chake akatoka kwenda kutafuta kazi. Alikuwa na umri wa miaka 12 tu. Hatimaye alipokewa katika shamba la familia moja iliyoitwa Moglia, akachunga ng'ombe huko karibu miaka miwili.

Hebu lishikeni jambo hilo. Yule ambaye baadaye aliwafungulia maelfu mlango, yeye mwenyewe alikuwa ameonja kutoka kwao na kifurushi mkononi bila kujua atalala wapi.

Aliporudi nyumbani alifundishwa na padri mmoja mzee wa karibu, lakini padri huyo naye akafa mwaka wa 1830. Ama kweli msiba haumwachi mfiwa. Hata hivyo Giovanni hakukata tamaa. Mwaka wa 1831 alikwenda kusoma katika mji wa Chieri. Alikuwa na miaka 16, umri wangu huu, naye alitiwa darasa la chini kabisa pamoja na watoto wadogo. Hakuona haya. Ili alipie chakula na malazi, alifanya kila kibarua kilichojitokeza: alishona nguo, alihudumu katika mkahawa, na huko mkahawani alilala mahali finyu chini ya ngazi. Kwa lugha yetu, alikuwa mwanafunzi wa kutwa asiye na nyumbani pa kurudi jioni.

Kazi hizo hazikupotea bure. Sindano aliijua na nyundo aliijua. Tena alijua mazingaombwe na kutembea juu ya kamba, mambo aliyoyaiga kwa wachezaji wa magulioni tangu utotoni, na kwa michezo hiyo aliwakusanya watoto wa kijijini akawafundisha dini. Tarehe 5 Juni 1841 alipewa upadrisho mjini Torino.

ALICHOKIONA GEREZANI

Torino ya wakati ule ilikuwa ikipanuka mbio. Majumba yalikuwa yakijengwa kila upande, na wavulana kutoka vijijini na milimani walimiminika kutafuta vibarua. Walibeba mawe na chokaa, walipanda ndani ya mabomba ya moshi kuyasugua masizi, waliuza hiki na kile barabarani. Kazi ikiwapo walikula, isipokuwapo hawakula. Walilala kwenye madari ya nyumba mbovu, kwenye mazizi, au popote usiku ulipowakuta. Ukiwataka kuwaona watu wa namna hiyo leo huna haja ya kwenda Torino. Pita stendi ya matatu ya mji wowote saa nne za usiku, utawakuta wamejikunja juu ya makatoni, na watu wanawaita chokoraa kana kwamba hawakupewa majina na mama zao.

Padri kijana huyu alikuwa na mwalimu wake, Don Giuseppe Cafasso, ambaye alimchukua kwenda naye magerezani. Kule Don Bosco aliona vijana wa miaka 12 hadi 18, wenye afya na akili timamu, wakioza humo pamoja na majambazi sugu. Lakini lililomchoma zaidi si kwamba walikuwa wamefungwa. Ni kwamba waliachiliwa, na baada ya siku chache akawakuta wamerudishwa mlemle. Alipochunguza aligundua kwamba wengi walirudi kwa sababu moja tu: huko nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Mlango wa jela ulipofunguliwa walitoka kwenda wapi? Hawakuwa na nyumba, wala kazi, wala rafiki isipokuwa walewale waliowaponza.

Wahenga wetu walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Naam, lakini mara nyingi tunaisema methali hiyo kwa kumdhihaki mtu, na hatuulizi yule ambaye mamaye amelala kaburini atafunzwa na nani. Don Bosco aliliuliza swali hilo akiwa bado kijana wa miaka 26, na maisha yake yote yaliyobaki yalikuwa jibu.

Jibu hilo lilianza kwa jambo dogo. Tarehe 8 Desemba 1841, alipokuwa akijitayarisha kusoma misa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, kijana mmoja aliingia sakristia kwa kupotea njia tu. Mtunza sakristia alimtaka asaidie kwenye misa. Kijana akasema hajui, na yule bwana akamcharaza na kumfukuza. Don Bosco akamkemea mtunza sakristia na kuagiza kijana arudishwe, akisema ni rafiki yake. Rafiki gani, na ndio kwanza wanaonana! Kijana akarudi anatetemeka. Aliitwa Bartolomeo Garelli, mwashi wa miaka 16, yatima wa baba na mama, asiyejua kusoma wala kuandika. Don Bosco alimwuliza kama anaweza hili au lile, na kila mara jibu likawa hapana, mpaka alipomwuliza kama anajua kupiga mbinja. Hapo kijana akatabasamu. Jumapili iliyofuata alirudi na wenzake. Baada ya miaka michache walikuwa mamia.

KUFUKUZWA KILA MAHALI

Msidhani mambo yalikwenda shwari. Wavulana mamia mahali pamoja si mchezo. Walicheza, walipiga kelele, waliimba, na majirani wakashtaki. Walihama kutoka kanisani wakaenda kwenye majengo ya mama mmoja tajiri, wakahama tena wakaenda karibu na makaburi, halafu kwenye vinu vya kusagia nafaka, halafu vyumba vya kukodi, halafu uwanjani chini ya mbingu. Kote walipoingia walitakiwa watoke. Baadhi ya watu walianza kunong'ona kwamba padri huyu ameingiwa na wazimu, maana alikuwa akiwaeleza vijana habari za majumba makubwa, viwanja na karakana, na hali hana hata banda. Siku moja mapadri wawili walikuja na gari la farasi ili wamchukue kwa hila wampeleke hospitali ya wendawazimu. Don Bosco aliing'amua hila yao. Akawaomba watangulie kupanda, kwa heshima, kisha akaubana mlango na kumwamuru mwendeshaji aondoke upesi. Wakapelekwa wao!

Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, hatimaye alipata mahali pa kudumu katika mtaa wa Valdocco, pembeni mwa mji. Kilikuwa kibanda cha bwana mmoja aliyeitwa Pinardi. Paa lilikuwa chini kiasi kwamba ilibidi sakafu ichimbwe ili watu wasigonge vichwa. Miezi mitatu baadaye Don Bosco aliugua kwa uchovu nusura afe. Alikwenda kwao kupumzika, na aliporudi Torino tarehe 3 Novemba 1846 hakurudi peke yake. Mama Margherita, mwenye umri wa miaka 58, aliacha shamba, nyumba na wajukuu akafuatana naye kwa miguu hadi mjini. Kitambaa cha arusi yake na vito vyake vilikuja kuuzwa ili wavulana wapate nguo na chakula.

USIKU WA KWANZA

Sasa nafika mahali ambapo pamenifanya niandike insha hii.

Mpaka hapo Don Bosco alikuwa akiwakusanya vijana siku za Jumapili na jioni. Waliimba, walijifunza kusoma, walicheza, wakaagana. Lakini je, usiku walikwenda wapi? Baadhi yao hawakuwa na pa kwenda. Basi akaamua kuwalaza wachache juu ya nyasi kavu ghalani, akawapa shuka na mablanketi. Asubuhi alipoamka hakukuta mtu. Hakukuta blanketi. Mara nyingine hata nyasi zenyewe zilibebwa zikauzwa!

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mimi najua ambavyo tungefanya hapa kwetu. Tungesema hawa hawasaidiki, wamezoea barabara, na tangu siku hiyo tungefunga mlango na dhamiri iko shwari. Don Bosco hakuufunga. Alielewa kwamba nyasi na blanketi si nyumba. Mtu unayempa pa kulala usiku mmoja tu, bila kumjua jina wala kumwambia kesho yake itakuwaje, atachukua kile anachoweza kubeba, maana hajui kama usiku wa pili upo.

Jioni moja ya mwezi wa Mei mwaka wa 1847 mvua ilikuwa ikinyesha. Mlango ukagongwa. Alikuwa mvulana wa kama miaka 15, amelowa chapachapa, ametoka milimani kuja kutafuta kazi ya uashi, na fedha kidogo alizokuja nazo zilikuwa zimekwisha. Mama Margherita alimkausha mbele ya moto, akampa supu na mkate. Kisha mama na mwana wakashauriana. Mama alikumbuka mablanketi, akahofu kwamba safari hii yatakwenda masufuria. Hata hivyo alitoka nje akaokota matofali, akayapanga jikoni, akalaza mbao juu yake, na juu ya mbao akatandika godoro la mwanawe. Kabla kijana hajalala, mama huyo ambaye hakujua kusoma aliketi karibu naye akamwambia maneno machache juu ya kazi, uaminifu na Mungu. Desturi ya kuwapa vijana neno jema kabla ya kulala iliendelea katika nyumba zote za Don Bosco.

Kijana hakuiba kitu. Alikaa, na alipata kazi.

Muda si mrefu akaja wa pili. Don Bosco alimkuta barabarani ameegemea mti, analia. Alikuwa na miaka 12. Mama yake alikuwa amekufa siku iliyotangulia, na mwenye nyumba alikuwa amemfungia nje na kuzuia vyombo kwa sababu ya kodi. Niliposoma habari hiyo niliirudia mara tatu. Huyo ni mtoto wa Torino wa mwaka wa 1847, lakini mimi nilimwona ameketi dawati la tatu kutoka dirishani katika darasa letu.

Mwaka ulipokwisha walikuwa saba. Mwaka wa 1851 Don Bosco aliinunua nyumba nzima ya Pinardi kwa deni, michango na imani. Tangu hapo hakukoma kuomba. Aliandika barua kwa matajiri, akaandaa bahati nasibu, akabisha milango. Kufikia miaka ya 1860 waliolala chini ya paa lake walihesabiwa kwa mamia.

SIKU YA TATU MPE JEMBE

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii sisi huitumia kumdokezea mgeni kwamba amekaa mno. Lakini nikiiangalia kwa jicho la Don Bosco naona ina maana nyingine nzuri: jembe ndilo linalomgeuza mgeni kuwa mwana wa nyumbani.

Mwanzoni vijana wake walikwenda kufanya kazi mjini kwa mafundi na jioni wakarudi nyumbani Valdocco. Kumbe baadhi ya mafundi waliwageuza punda. Waliwapiga, waliwatuma kubeba maji na kulea watoto badala ya kuwafunza ufundi. Don Bosco akabuni dawa. Akawa anaandika mkataba kwenye karatasi ya serikali yenye stempu, na kila mmoja anatia sahihi: fundi, mwanagenzi na yeye mwenyewe. Mkataba wa Februari 1852 kati ya seremala mmoja na kijana wake umehifadhiwa mpaka leo. Fundi alikubali kumfundisha useremala kwa miaka miwili, kumsahihisha kwa maneno na si kwa mapigo, kutompa kazi zisizohusu ufundi huo, na kumwachia siku za Jumapili na sikukuu. Fikirini, wakati ambapo haki za watoto zilikuwa bado hazijatajwa na serikali nyingi, padri maskini alizitia kwenye mkataba.

Baadaye aliona ni bora karakana ziwe nyumbani. Mwaka wa 1853 alianzisha ushonaji wa viatu na wa nguo, naye mwenyewe akakaa kitini kuwaonyesha jinsi ya kupitisha sindano. Mwaka wa 1854 ikafuata kazi ya kujalidi vitabu, mwaka wa 1856 useremala, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 mtambo wa kupiga chapa na kazi ya vyuma. Wenye kichwa cha masomo waliendelea na masomo.

Na malezi yake hayakuwa ya kiboko. Aliyaita malezi ya kuzuia, yaani mlezi awe pamoja na vijana kwenye mchezo na kazini, awapende na wajue kwamba wanapendwa, ili kosa lizuiwe kabla halijatendeka. Aliegemea mambo matatu: akili, dini na upendo. Mwaka wa 1854 kipindupindu kilipoingia Torino, wavulana hao hao ambao watu waliwaogopa ndio waliojitolea kuwauguza wagonjwa majumbani.

Lakini nisiwafiche, kazi hiyo ilichosha hata watu wema. Siku moja wavulana walicheza vita wakaikanyagakanyaga bustani ya mboga ya Mama Margherita hadi ikawa uwanja. Mama akaona yametosha. Alimwendea mwanawe akamwambia kwamba anarudi kwao Becchi, maana nguvu zimemwishia. Don Bosco hakubisha. Alimwonyesha tu msalaba uliokuwa ukutani. Mama akautazama, machozi yakamlengalenga, akarudi jikoni. Alibaki hapo na kuwapikia mpaka alipofariki tarehe 25 Novemba 1856. Mimi naona nusu ya sifa za Don Bosco ni za mama huyu.

HAKUWASAHAU, HAWAKUMSAHAU

Jambo la mwisho ninalotaka tulione ni hili: kuondoka Valdocco hakukuwa mwisho. Waliokwisha kupata kazi na kuoa waliendelea kurudi, wengine kwa shauri, wengine kwa shida, wengine kwa furaha tu. Mmoja wao, Carlo Gastini, ambaye alipokewa akiwa mwanagenzi wa kinyozi na yatima, aliwakusanya wenzake mwaka wa 1870 wakamwendea mzee wao siku ya somo wake wakiwa na zawadi ya vikombe vya kahawa. Watu wazima, wenye ndevu, wanampelekea vikombe baba ambaye hakuwazaa! Kutokana na siku hiyo kukazaliwa chama cha wanafunzi wa zamani wa Don Bosco, ambacho kilienea nchi nyingi.

Ili kazi isife naye, tarehe 18 Desemba 1859 alianzisha shirika la Wasalesiani, karibu wote wakiwa ni vijana aliowalea mwenyewe. Mwaka wa 1872, pamoja na Maria Mazzarello, alianzisha shirika la masista kwa ajili ya wasichana. Mwaka wa 1875 akawatuma wamisionari wa kwanza nchini Argentina. Alifariki Torino alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888, akiwa na miaka 72, na mwaka wa 1934 Kanisa Katoliki likamtangaza kuwa mtakatifu. Hapa Kenya wafuasi wake walifika miaka ya 1980. Walifungua shule za ufundi, mojawapo ikiwa ile ya Karen, Nairobi, wakaanzisha makao ya watoto wa mitaani kule Kuwinda, na miaka ya 1990 wakapeleka mafunzo ya ufundi kwa wakimbizi wa Kakuma, Turkana.

NASI JE?

Siandiki haya ili kumsifu mtu wa dini fulani. Darasani mwetu tuna Wakristo na Waislamu, na njaa ya usiku haiulizi mtu anasali wapi. Ninaandika kwa sababu maisha haya yamenionyesha tulipokosea. Tulimpa mwenzetu chakula cha wiki moja, na shida yake haikuwa ya wiki moja. Kijana aliyepoteza nyumba anahitaji kwanza mahali pa kulala ambapo kesho pia atalala. Pili, anahitaji kazi ya mkono au kitabu cha kumvusha. Tatu, na hili ndilo gumu, anahitaji mtu ambaye ataendelea kumwuliza habari zake hata baada ya watu wengine kuchoka. Sisi tulitoa robo ya lile la kwanza tukajipongeza.

Muhula huu nilimwona. Alikuwa stendi akibeba mizigo ya abiria. Hakuniomba pesa. Aliniuliza kama jarida letu limetoka, na akanisihi nimwekee nakala moja. Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama. Kwetu ni vyumba viwili na tuko watu sita. Mama hakusema ndiyo wala la. Alinyamaza, akautazama ule mkeka uliokunjwa pembeni mwa jiko, kisha akaniuliza kijana huyo ana urefu gani.

Basi wenzangu, nimeanza na usiku. Zimebaki siku. Ninawaomba wanachama tusichange pesa mara moja tukatulia, bali kila muhula hadi atakapomaliza Kidato cha Nne. Ninawaomba walimu wetu wamsaidie arudishiwe nafasi yake. Na yeyote ambaye baba yake au mjomba wake ana karakana, amwombee nafasi ya kujifunza siku za likizo, ila fundi akubali kwanza kwamba hatampiga. Nakala yake ya jarida hili nitampelekea mimi mwenyewe, na nitakapompa ningependa niwe na jambo la kumwambia. Shime, tusiniache niende mikono mitupu.